Tunachangia Jeneza, Hatuchangii Helmeti



Jamii yetu ya Waswahili wa ughaibuni ina sifa moja ambayo hakuna awezaye kuitia doa: tunajua kuzikana. Mtu akifariki leo alfajiri mjini Leicester au Birmingham, jua halitakuchwa kabla majina ya wachangiaji hayajaorodheshwa, na baada ya siku chache zimeshapatikana paundi elfu kadhaa za kumsafirisha marehemu hadi Unguja, Mombasa au Bujumbura. Hili ni jambo la heshima na hatuandiki hapa kulibeza. Tunachouliza ni kwa nini mkono uleule unaofunguka mbele ya jeneza hufumbika pale kijana wetu anaponunua pikipiki yake ya kwanza.

Siku hiyo wote tunakuwa watazamaji. Mmoja husifu rangi, wa pili huuliza inakula mafuta kiasi gani, wa tatu huomba apakiwe nyuma mpaka kituo cha treni, jambo ambalo kwa mwenye leseni ya kujifunzia ni kosa la kisheria. Hakuna anayeuliza maswali mawili yaliyo muhimu kuliko yote: utavaa nini, na nani amekufundisha?

Hoja yetu ni fupi. Pikipiki haijalipiwa mpaka yamelipiwa mavazi ya kinga na mafunzo. Kijana mwenye paundi 2,000 mfukoni hana pikipiki ya paundi 2,000. Ana pikipiki ya paundi 1,300, na 700 zilizobaki ni za kichwa chake, mikono yake, miguu yake na mwalimu wake. Akizimaliza zote kwenye chuma, amenunua nusu ya kitu. Na vyama vyetu, ambavyo vina mifuko, wenyeviti na wahasibu, vinapaswa kuwa vya kwanza kumwambia hivyo, tena kwa kumsaidia na si kwa kumhubiria.

Tunawasemea hasa vijana wetu walioko Uingereza wanaopeleka vyakula majumbani usiku. Ni kazi ya halali na wanaifanya kwa jasho. Wengi wao huianza wakiwa na karatasi moja tu ya mafunzo, na karatasi hiyo imeeleweka vibaya katika jamii yetu. Hivyo tuieleze.

Tangu mwaka 1990 sheria ya hapa inamtaka anayeanza kuendesha pikipiki apitie mafunzo ya lazima yanayojulikana kwa herufi CBT. Yana sehemu tano: maelezo ya awali pamoja na kupimwa macho, kuifahamu pikipiki ikiwa imesimama, kuiendesha uwanjani, maelezo ya barabarani, kisha kuendesha barabarani kwa muda usiopungua saa mbili huku mwalimu akifuata nyuma na kusema naye kwa redio. Wengi humaliza yote kwa siku moja. Mwenye umri wa miaka 17 au zaidi, akiwa na leseni ya kujifunzia na cheti hicho, anaruhusiwa kuendesha pikipiki isiyozidi cc 125, abandike vibao vya L, asipakie mtu, wala asiingie katika zile barabara kuu zinazoanzia na herufi M. Cheti hudumu miaka miwili.

Sasa sikilizeni vizuri. CBT si mtihani na cheti chake si leseni kamili. Ni ruhusa ya kuendelea kujifunza ukiwa barabarani. Lakini kwetu sisi kijana akirudi na cheti hicho jioni, tunampongeza kana kwamba amehitimu, na kesho yake usiku yuko London kwenye mvua, mkoba wa chakula mgongoni, simu mbele ya macho, akitafuta nyumba namba 46B. Wako wanaokirudia cheti hichohicho kila baada ya miaka miwili, mwaka hadi mwaka, wasiende kamwe kufanya mtihani wa leseni kamili. Wanasema mtihani unapoteza muda na pesa.

Hebu tutazame mtihani huo unampima mtu nini. Baada ya ule wa nadharia kuna sehemu mbili za vitendo. Ya kwanza hufanyika uwanjani, na ndani yake kuna mambo mawili ambayo mtahiniwa anatakiwa ayafanye akiwa katika mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa: kukwepa kizuizi bila kuanguka, na kufunga breki ya ghafla bila gurudumu kukwama na kuteleza. Ya pili ni barabarani, katikati ya magari. Yule anayesema mtihani ni kupoteza muda atuambie: siku gari itakapochomoza kutoka barabara ya pembeni mbele yake, atahitaji nini zaidi ya hayo mawili?

Na gari itachomoza. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya uchunguzi wao wa ajali za pikipiki mjini Los Angeles. Walifika wenyewe kwenye ajali 900 na kupima alama za matairi. Katika zile ambazo pikipiki iligongana na gari, theluthi mbili zilitokana na mwenye gari kutompisha mwenye pikipiki, na sababu kubwa ni kwamba hakumwona. Mwendo wa kawaida kabla ya ajali haukuwa wa mashindano. Nusu ya ajali zilianzia katika mwendo usiozidi kilomita 48 kwa saa. Na asilimia 92 ya waendeshaji hao hawakupata mafunzo rasmi: ama walijifundisha wenyewe, ama walifundishwa na ndugu na marafiki. Ripoti ni ya zamani na ni ya Marekani, lakini mtu asome sentensi hiyo ya mwisho kisha awafikirie vijana wetu. Nani kawafundisha? Binamu, katika uwanja wa kuegesha magari, siku ya Jumapili.

Hapa ndipo tunapojibiwa: "Mimi nimeendesha tangu nyumbani. Nifundishwe nini?" Jibu tunalo. Kwanza, anayetoka Bujumbura, Kigali, Goma, au aliyekaa Muscat na Dubai, amezoea kushika upande wa kulia. Hapa ni kushoto, na kwenye kipilefti mazoea ya miaka kumi hugeuka adui katika nukta moja. Pili, barabara za hapa zina mitego ambayo mtu wa pwani hakuizoea: majani yaliyolowa wakati wa kipupwe, barafu nyembamba isiyoonekana, mifuniko ya chuma na michirizi ya rangi nyeupe inayoteleza kama sabuni ikipata mvua.

Tatu, na hili ndilo zito, mafunzo ya mtaani yana makosa ndani yake. Kijana wa bodaboda huambiwa na wenzake asiguse breki ya mbele kwa kuwa itampindua. Kwa hiyo hukanyaga ya nyuma peke yake maisha yake yote. Ukweli wa kihandisi ni kinyume chake. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa lami na la nyuma huwa jepesi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama iko kwenye breki ile anayoiogopa. Kinachopindua mtu ni kuikaba kwa pupa au kuikaba akiwa amelala kwenye kona. Kuibana pole pole, kisha kwa nguvu zaidi kadiri uzito unavyohamia mbele, ni jambo la vidole, na vidole hufundishwa kwa kurudia, si kwa kusimuliwa. Kanuni za Barabarani za Uingereza zinakadiria kwamba gari iliyo katika mwendo wa maili 30 kwa saa, barabara ikiwa kavu, huhitaji mita 23 kusimama: mita 9 za kufikiri na 14 za kufunga breki. Asiyejua kutumia breki yake ya mbele anaziongeza hizo 14 kwa hiari yake.

Tumesema mafunzo, sasa tuje kwenye mavazi, tuanze na kichwa.

Mwezi Mei 1935, T.E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alikuwa akiendesha pikipiki yake huko Dorset bila helmeti. Alikwepa vijana wawili wa baiskeli, akaanguka, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Cairns hakuishia kusema ni kudura. Alikusanya habari za waendesha pikipiki walioumia vichwa, na mwaka 1941 akachapisha utafiti ulioonyesha faida ya helmeti. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapeleka barua wake wa pikipiki kuivaa. Raia walilazimishwa na sheria mwaka 1973. Miaka 32 ilipita kati ya ushahidi na sheria, na katika miaka hiyo watu walizikwa.

Helmeti inafanyaje kazi? Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki kiko kama mita moja na nusu kutoka chini. Kikianguka kutoka hapo hugonga lami kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama. Kichwa kitupu husimama ndani ya milimita mbili au tatu. Ndani ya helmeti mna tabaka la povu gumu linalosagika taratibu, na kichwa husimama ndani ya sentimita mbili au tatu. Umbali wa kusimama ukizidi mara kumi, nguvu inayoupiga ubongo hupungua takriban mara kumi. Hiyo ndiyo siri yote. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikuta kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Ukielewa kazi ya povu, utaelewa pia kwa nini helmeti ya mtumba ni mtego. Povu likishasagika halirudi. Nje inang'aa, ndani imekwisha, na wewe huioni. Kwa hiyo msipeane helmeti zilizoanguka kwa kishindo, wala msinunue sokoni helmeti usiyojua ilikotoka. Nunua mpya. Tazama ndani, penye mkanda, pameshonwa kitambaa chenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoipitisha. 11 ni Uingereza, 3 ni Italia. Ivae dukani kwa dakika kadhaa. Iwe inabana mashavu kidogo bila kuumiza paji la uso. Funga mkanda, mwambie mwenzako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele; ikichomoka, rudisha. Na usidanganyike na bei. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa SHARP wa kuzipima helmeti na kuzipa nyota moja hadi tano. Zipo za chini ya paundi 100 zenye nyota nne na tano, na zipo za bei kubwa zaidi zenye nyota pungufu. Tena serikali hii, ambayo haiachi kitu bila kodi, haitozi VAT kwenye helmeti ya pikipiki. Kama mtoza kodi ameona, sisi tunangoja nini?

Baada ya kichwa ni mikono. Mtu akianguka hutanguliza viganja. Ndivyo Mungu alivyotuumba. Kwa hiyo glavu ni ya pili, si pambo. Kisha jaketi, buti zinazofunika vifundo vya miguu, na suruali. Mtu aliyedondoka katika mwendo wa maili 30 kwa saa huburutika juu ya lami kama mita 13 na kwa muda wa sekunde mbili hivi. Suruali ya jinzi ya kawaida hutoboka kabla hujamaliza bismillahi. Nguo zilizotengenezwa kwa pikipiki huwa na daraja lake limeandikwa kwenye lebo: AAA ndiyo ya juu kabisa, kisha AA, kisha A. Kwa kijana wa pikipiki ndogo mjini, A au AA yenye pedi za mabega, viwiko na magoti inatosha. Ile jaketi ya ngozi ya kuvalia harusini haina daraja lolote, hata kama imegharimu mara mbili.

Tunajua wanachosema wapinzani wetu, kwa sababu tunakaa nao msikitini, kanisani na kwenye vibaraza.

Wa kwanza anasema ajali ni kadari. Ndugu yetu, hatubishani na kadari. Lakini tulifundishwa chuoni kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola. Na wewe mwenyewe nyumba yako unaifunga kwa ufunguo kila usiku. Basi imani ya kuacha mlango wazi umeipata wapi inapofika zamu ya kichwa cha mwanao?

Wa pili, aliyeko Ghuba, anasema joto. Kuna jaketi za wavu zinazopitisha upepo na zina pedi zote. Joto ni sababu ya kuchagua nguo, si ya kuvaa fulana.

Wa tatu yuko Iowa, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi wamepata makazi. Anasema kule sheria haimlazimishi mtu mzima kuvaa helmeti. Ni kweli. Lakini lami ya Iowa haijasoma sheria hiyo. Ni ngumu sawa na ya London.

Wa nne anasema hana pesa. Huyu ndiye tunayemheshimu, kwa sababu anasema kweli, na jibu lake si nasaha. Jibu lake ni chama. Asiyekuwa na uwezo wa vyote aanze na helmeti na glavu, azidishe jaketi na buti mwezi ujao, na sisi wengine tufanye haya tutakayoyataja hapa chini.

Kabla ya hapo, kuna upande mwingine wa jambo hili unaotuhusu hata sisi ambao hatujawahi kupanda pikipiki. Ni nani katika jamii yetu hajaombwa na mpwa au mdogo wake pesa za bodaboda? Tunatuma. Tunapokea picha, kijana amekaa juu ya pikipiki mpya, nailoni bado imo kwenye siti, kichwa wazi, anacheka. Tunaionyesha kwa fahari. Kisha siku ikifika simu inapigwa usiku kutoka wodi ya mifupa ya Muhimbili au Mulago, na zinaanza pesa nyingine: za vyuma, za vipimo, za kumlisha mgonjwa, za karo ya watoto ambao baba yao hawezi tena kufanya kazi. Pesa hizo ni nyingi kuliko helmeti kumi.

Anayedai kwamba kwetu haiwezekani aende Kigali. Pale mwenye pikipiki ya abiria huwa na helmeti ya pili, na abiria huivaa kabla ya kupanda. Ni Afrika hiyohiyo, ni pikipiki hizohizo, ni joto na umaskini uleule. Kilichozidi ni kwamba watu waliamua, na polisi wakasimamia.

Basi tunapendekeza mambo matatu, na tunataka yaandikwe kwenye katiba za vyama vyetu, si kwenye hotuba.

La kwanza: kila mfuko wa maziko utenge fungu dogo la kuwakopesha bila riba vijana wanaoanza pikipiki, wanunue helmeti, glavu, jaketi na buti. Mkopo ulipwe dukani moja kwa moja, na kijana aurejeshe kidogo kidogo kila mwezi.

La pili: chama kimlipie nusu ya gharama ya mtihani kijana atakayeamua kwenda kutafuta leseni kamili ndani ya miaka miwili ya cheti chake cha CBT. Anayerudia cheti mwaka hadi mwaka ajue kwamba jamii yake haijampa pongezi.

La tatu: anayetuma pesa za bodaboda nyumbani asitume bila ya helmeti mbili, ya mwenye kuendesha na ya abiria, na bila ya ada ya kujifunza kwa mwalimu anayejulikana. Tanzania, kwa mfano, vyuo vya VETA vinafundisha udereva. Stakabadhi ije kwanza, pikipiki ifuate.

Hatusemi kwamba mwenye helmeti na leseni hafi. Mafunzo si hirizi, na helmeti ina kikomo chake kama kila kitu alichotengeneza binadamu. Tunachosema ni kwamba tumezoea kumpenda mtu vizuri zaidi akishakufa, na wakati huo hawezi kuivaa sadaka yetu. Majeneza tutaendelea kuyachangia, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini mkutano mkuu ujao wa kila chama, ajenda ya helmeti iwekwe ya kwanza, kabla ya taarifa ya mhasibu na kabla ya pilau kupakuliwa.